Namna ya Kuanzisha Nyumba Ndogo Nyuma ya Jiko

Mwanamume wa Songea akifika umri fulani, mshahara ukishatulia na watoto wakishaacha kuugua kila wiki, huanza kufikiria nyumba ndogo. Dalili zake hazifichiki. Simu haitoki mkononi, anatabasamu peke yake kwenye kochi, na siku hizi anaulizia bei za vitu ambavyo nyumbani kwake havijawahi kuhitajika. Mwongozo huu ni wa yule ambaye nyumba ndogo yake ina paa la plastiki na kuta za neti, na aliyetunzwa ndani ni nyanya. Maofisa kilimo wanaiita kitalu nyumba. Kijiweni, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, watu wanasema grinhausi. Kwa gharama na usumbufu haipishani sana na ile nyingine, ila hii unaweza kumwita baba paroko aje kuibariki.

Anza na hesabu

Usiitafute hesabu kwa bwana shamba wa kata. Yeye atakuuliza maji utayatoa wapi, na swali la namna hiyo huua ndoto ikiwa bado changa. Hesabu nzuri huja usiku kwa WhatsApp, imesambazwa mara nyingi mpaka hakuna anayejua ilianzia wapi. Inasema: miche 500, kila mche kilo 10, kila kilo shilingi 2,000, jumla milioni 10 kwa msimu mmoja. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa. Mwalimu wa darasa la nne ataipitia na kuiwekea tiki. Kilichosahauliwa ni mnyauko, kantangaze, fundi, maji, na yule mama wa Soko Kuu atakayeyatazama matenga yako, kisha akutazame wewe, na kukuambia kwa upole kwamba nyanya leo hazitembei. Ni hesabu ya ukoo uleule uliotuletea kware, wale ambao mayai yao tuliambiwa yanatibu kila kitu isipokuwa ufukara wa mfugaji.

Ukishaipata, usimwonyeshe mkeo. Siyo kwamba hataielewa. Ataielewa haraka mno. Yeye ndiye anayenunua nyanya ya nyumba hiyo mwaka mzima, kwa fungu na kwa sado. Anajua kwamba Agosti, nyanya za mabondeni zinapofurika sokoni, muuzaji humwongezea mbili za bure na kumwita dada. Anajua pia kwamba Februari fungu lilelile limekonda, moja ina kidonda, na muuzaji haongezi kitu wala haiti mtu dada. Ungemuuliza, angekupa bure jambo ambalo wewe utalinunua kwa mkopo wa kazini: kwamba shida ya nyanya Songea inakuja na mvua na kuondoka na mvua. Basi usiulize. Mwanamume akishauliza, mradi unakuwa wa familia, na mradi wa familia hauna raha ya siri.

Unaikimbia baridi ya nani?

Tukubaliane kwanza kwamba kitalu cha kioo kilizaliwa kwa watu wenye baridi na wenye fedha. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, anasimulia kuwa Kaisari Tiberio, huyohuyo anayetajwa mwanzoni mwa sura ya tatu ya Injili ya Luka, alipenda matango kiasi kwamba hakutaka siku ipite bila tango mezani. Watunza bustani wake waliyaotesha kwenye vitanda vya magurudumu, wakivisukuma kufuata jua, na baridi ilipozidi waliyafunika kwa vipande vya mawe yapitishayo mwanga. Karne nyingi baadaye, mwaka 1851, Waingereza walishangaa jumba la Crystal Palace pale London; aliyelisanifu, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani aliyekomaa kwa kujenga nyumba za vioo za mimea ya bwana wake. Kazi ya nyumba zote hizo ilikuwa moja tu, kulikamata jua dogo la kwao lisitoroke.

Wewe unaishi Songea. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi mtu huvaa koti na kutoa moshi mdomoni bila sigara. Lakini subiri saa saba mchana. Ndani ya banda la plastiki lililozibwa pande zote, jua la huku halihitaji kukamatwa, linahitaji kuombwa litoke. Nyanya ikikaa kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi, chavua huharibika, maua yanapukutika, na unabaki na mmea mrefu, wa kijani, wenye afya tele na usio na tunda hata moja. Wageni watausifu sana.

Adui wa kweli anashuka na mawingu kutoka upande wa milima ya Matogoro. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zinamwaga hadi Aprili, na kwa mwaka zinapita milimita 1,000. Jani la nyanya likilala limelowa usiku baada ya usiku, baka chelewa linaingia, na shamba lililokuwa la kijani Jumapili linaonekana limebabuka Jumamosi. Ugonjwa huo hauna mbawa wala meno, unataka jani bichi lenye maji juu yake. Jani likibaki kavu, umeuondolea sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo mtu wa Songea anahitaji paa. Kuta anaweza kuzifanya neti tupu kuanzia magotini hadi juu, hewa ipite kama sebuleni kwa watu wakarimu.

Sasa, ukishajua hivyo, fanya kinyume chake. Chagua banda lililozibwa vizuri. Muuzaji atakuambia kwa fahari, "Mzee, hii haipitishi hata upepo," nawe utikise kichwa kwa kuridhika, kana kwamba unanunua dirisha la benki. Chagua pia fupi, linaloishia kichwani pako, maana fupi ni rahisi. Watu wenye wivu ndio watakaokuambia kwamba kitalu kidogo hupata joto haraka kuliko kikubwa kwa sababu hewa yake ni ndogo, kwamba paa linapaswa kufika mita tatu au zaidi katikati, na kwamba kule juu kabisa lazima pawe na mwanya wenye neti ili hewa ya moto itoke. Wasikilize kwa adabu, waage, kisha endelea na lako.

Ukubwa wa heshima

Kipimo kinachosifiwa sana ni mita 8 kwa 15. Ndicho kilichoenea na vifurushi vya wauzaji, Kenya kwanza na kisha kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Ofisi ya Waziri Mkuu ilipoendesha mafunzo ya kitalu nyumba kwa vijana kwenye halmashauri, wengi wetu tuliliona banda lile jeupe kwa karibu na tukatamani liwe nyuma ya jiko letu. Lilijengwa kwa ajili ya kikundi. Wewe ni mmoja, lakini moyoni unajiona kikundi.

Piga hesabu ya ndoo, maana ile ya kilo tumeshaipiga. Miche miwili kwa kila mita ya mraba ni kipimo cha kawaida, kwa hiyo banda la 8 kwa 15 linachukua miche kama 240. Mche uliokomaa hunywa lita moja hadi mbili kwa siku, kutegemea jua. Hizo ni ndoo 12 hadi 24 kila siku iendayo kwa Mungu, Krismasi ikiwemo, siku ya msiba ikiwemo, na tarehe 27 Februari ikiwemo, mji mzima unapokuwa kwenye kumbukumbu ya Vita vya Majimaji na wewe umebeba dumu. Hapo ndipo mwenye nyumba hugundua umuhimu wa kuzaa watoto wengi, na watoto hugundua umuhimu wa shule ya bweni.

Banda la mita 4 kwa 6, ambalo hutalipiga picha kwa sababu linaenea lote kwenye picha moja, linabeba miche 45 hivi. Maji yake ni ndoo tatu, siku za jua kali nne. Pipa la lita 200 likiinuliwa juu ya matofali hadi kiunoni, likaunganishwa na mipira ya matone, linamaliza kazi wakati wewe unakunywa chai. Mche wa nyanya ndefu, hata ukilelewa na mtu anayejifunza, ukikupa kilo nne tu, una kilo 180 kwa miezi mitatu ya kuchuma, yaani kilo mbili kwa siku. Familia ya watu sita haiwezi kuzimaliza, labda iwe inaoga nyanya. Zinazobaki zinatosha kumnyamazisha jirani. Lakini hebu fikiria ukiwa kwenye kikao cha ukoo unaulizwa mradi wako una ukubwa gani, ujibu, "Sita kwa nne." Kuna wajomba hawatakusalimia tena.

Mifupa

Hapa Songea tumebarikiwa vitu vya kujengea, na kila kimoja kimekuja na adui wake. Mianzi ni mizuri, myepesi kubeba na rahisi kupinda, na kwa paa la duara haina mpinzani. Kabla hujaikata, uliza ni ya nani na ina kazi gani. Mianzi ya kwetu nyanda za kusini inakamuliwa ulanzi, na msimu wa ulanzi ni huohuo wa mvua unaotaka kujengea. Mzee anayeona unasogelea mianzi yake na panga mwezi Januari hatakuuliza unajenga nini. Atakuuliza una shida gani na wazee.

Milingoti inapatikana na bei yake inavumilika. Ila ukiichimbia mbichi, mchwa wanakaribishwa rasmi. Kuna nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, na kuna dawa ya kienyeji ya mafundi, oili chafu kutoka gereji inayopakwa sehemu itakayozama ardhini. Ya kwanza inadumu miaka mingi, ya pili inapunguza kasi ya msiba, na pia si kitu cha kumwaga kwenye udongo utakaoilisha familia. Bomba za chuma ni za kudumu kuliko zote na fundi wa kuchomelea aliyepita VETA atakuunganishia kwa siku chache, lakini chuma kikishashindiliwa zege kimeshaoa mahali hapo. Mbao na nguzo zilizofungwa kwa bolti zinafunguka na kuhama. Shikilia neno hilo, kuhama, tutalihitaji tukifika kwenye udongo.

Na usijione mnyonge kwa kujenga kwa mbao. Anayetajwa kama baba wa vitalu vya plastiki duniani, Emery Myers Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alifanya hivyohivyo mwaka 1948. Kioo kilikuwa ghali, akaweka fremu ya mbao na kuifunika karatasi angavu ya selofeni. Profesa mzima, na hela ya kioo hana.

Nguo

Katika kuvisha fremu ndipo mwanamume anapookoa fedha. Ataacha plastiki ya vitalu, ile ya mikroni 200 yenye kinga ya jua ambayo ikitunzwa hudumu miaka mitatu na kuendelea, na kwenda kununua nailoni nyeupe ya kawaida. Zinafanana kabisa dukani. Nailoni ya kawaida ikipigwa na jua la miezi michache hukauka, hupasuka kwenye mikunjo, na siku moja ya upepo wa Agosti inaondoka yote kwa pamoja na kutua kwa jirani, ambaye hatairudisha kwa sababu amepata ya kuanikia dagaa.

Wengine wanatumia turubai la bluu. Banda linapendeza, ukiingia unajisikia uko chini ya bahari, na nyanya zinarefuka kwa huzuni zikitafuta mwanga. Wengine wananunua neti ya kivuli ile nyeusi au ya kijani, wanafunika juu hadi chini, kisha mvua ya kwanza inapita katikati ya matundu ikiwa imechujwa vizuri. Neti hiyo inafaa miche michanga na watu wanaouza chai. Mvua haiizuii.

Jambo dogo ambalo muuzaji hatakuambia kwa sababu hauzi: popote plastiki inapogusa mbao au chuma kilichopashwa na jua, ndipo itakapoanzia kuoza. Paka sehemu hizo rangi nyeupe. Na unapoipigilia, usigonge msumari juu ya plastiki uchi. Weka kwanza ukanda wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ndipo ugonge juu yake. Ukanda huo ni wa bei ya maji, na ndio unaotofautisha kitalu na bendera.

Lijenge mbali na mwembe. Najua kivuli chake kinavutia, lakini ni cha mtu mwenye kiti. Pia liwe mbali na pale watoto wa mtaa wanapochezea mpira wakijiona wako Uwanja wa Majimaji, kwa sababu plastiki ni goli lisilo na mlinda mlango.

Wageni wasiotakiwa

Tukiwa bado kwenye neti, mtaje kantangaze. Ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, kitaalamu Tuta absoluta, aliyethibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake wanachimba njia ndani ya jani kana kwamba wana ramani, kisha wanahamia kwenye tunda. Jina hilo linamfaa, maana hakuna shamba alilopita lisilomtangaza. Neti ya pembeni yenye matundu madogo humzuia. Ile ya kumzuia inzi mweupe ni laini zaidi, na kadiri neti inavyokuwa laini ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Hapo lazima upime. Kwa banda dogo la Songea mimi ningechagua hewa, kisha ningeweka mtego, beseni la maji ya sabuni lenye kivutio cha harufu ya jike juu yake, ambamo madume huingia kwa miguu yao wenyewe. Tabia hiyo tunaijua.

Lakini neti yote hiyo ni kazi bure ukiwa na mlango mmoja, nawe utakuwa na mlango mmoja, tena utaufunga kwa waya. Milango miwili yenye kachumba katikati ndiyo inayomchanganya nondo. Kachumba hako ndiko pia pa kunawa mikono na kubadilisha viatu, utaratibu utakaowafanya ndugu zako waseme umekuwa Mzungu.

Wabadilishe viatu hivyohivyo, na wanaume wakague mikono. Songea na Namtumbo ni nchi ya tumbaku ya moshi, tuna hata chama kikuu cha ushirika, SONAMCU, kilichokulia kwenye zao hilo. Tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, na kirusi cha batobato la tumbaku hukaa ndani ya tumbaku iliyokaushwa, hukaa kwenye sigara, kwenye ugoro na kwenye vidole. Babu anayeingia kukusaidia kupogoa huku ananusa ugoro anaweza kupitisha ugonjwa mche hadi mche kwa moyo mweupe kabisa. Kumwambia mzee wa Kingoni akanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya za kijana wake ni jambo linalotaka hekima kubwa kuliko mwongozo huu. Njia iliyo salama ni kumwekea kiti nje, chini ya ule mwembe.

Wadudu wabaya wakishazuiwa, na wema nao wamezuiwa. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, linachotaka ni kutikiswa. Shambani hutikiswa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ndani ya neti kazi hiyo ni yako. Kila siku kama saa nne asubuhi, umande ukishakauka, pita ukizigonga kamba zilizoshikilia miche, taratibu, ua kwa ua. Jirani akichungulia uani na kukukuta unapapasa maua ukiwa umevaa tai ya kazini, usianze kueleza. Matango yanataka nyuki kabisa, au mbegu za aina inayozaa bila kuchavushwa, kwa hiyo Kaisari Tiberio tumwachie tango lake.

Udongo, au sura ambayo hakuna anayeisoma

Mabanda mengi yaliyotelekezwa mkoa hadi mkoa hayakuuawa na plastiki. Yaliuawa na udongo. Mwaka wa kwanza nyanya, zikakubali. Mwaka wa pili nyanya. Mwaka wa tatu, mmea mkubwa wenye matunda unaanza kulegea mchana, usiku unajitutumua, na baada ya siku chache umelala jumla ukiwa bado wa kijani. Ni mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa uzi mweupe kama maziwa, usipoteze hela ya dawa, kwa sababu dawa ya kuuponya mche huo haipo. Wauza dawa wapo.

Nje, mkulima akipatwa na mnyauko huhamia upande wa pili wa shamba. Wewe umeshindilia zege. Ndiyo maana nilikuambia ushikilie neno kuhama. Banda la bolti linafunguliwa, linasogezwa hatua kumi, maisha yanaendelea. Mwingine hulaza udongo wa zamani na kupanda kwenye ndoo au viroba vyenye udongo safi uliochanganywa na samadi iliyooza. Asiyeweza yote mawili abadilishe mazao, na hapa ndipo watu huadhibiwa kwa kutojua koo: hoho ni ndugu wa nyanya, biringanya ndugu, nyanya chungu ndugu, pilipili, mnavu na viazi mviringo vyote ndugu. Kuondoa nyanya ukaweka hoho ni kumfukuza mpangaji na kumpa chumba mdogo wake. Weka chainizi, mchicha, karoti, maharage. Ndiyo, maharage kwenye grinhausi. Wajomba watacheka.

Udongo wa msituni ni mzuri na kila fundi atakushauri uukachote. Usiukachote Matogoro, pale ndipo unapoanzia mto Ruvuma, na kuna njia bora za kuingia kwenye historia ya mkoa.

Mbegu za kukupa hadhi

Utaona watu wamepanda Tengeru 97 ndani ya kitalu. Ni mbegu nzuri, imetoka kwa watafiti wetu wa Tengeru, Arusha, lakini ni nyanya ya shamba la wazi, na uani bila banda inajitegemea vizuri kiangazi. Ukilipia paa la mita tatu, panda kitu kitakachopanda hadi huko. Nyanya ndefu kama Anna F1 huendelea kukua na kuzaa kwa miezi, ukiishikilia kwa kamba na kuiondolea vichipukizi vya kwapani kila wiki. Kutoondoa vichipukizi ni huruma, na huruma hiyo huzaa kichaka. Nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, wakaguzi wa ubora wa mbegu. Ile iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari, unayoambiwa ni Anna, ni Anna wa mama mwingine.

Kumwagilia mvua ikinyesha

Hakuna aliyewahi kumwandaa mwenye kitalu kwa aibu hii. Ni Januari, mvua imefungua mbingu, Mfaranyaki yote imejaa matope, na wewe umejifunika mwavuli ukielekea uani na ndoo ya maji kwenda kumwagilia. Mtaa unaona. Mtaa hausemi kitu siku hiyo. Kesho yake mjumbe anapita kukujulia hali, anauliza kama unalala vizuri.

Lakini ndivyo ilivyo. Paa uliloliweka kufukuza mvua limeifukuza, na mizizi haijui siasa hizo. Dawa yake ni mfereji wa bati pembeni mwa paa na pipa chini yake. Paa la mita 4 kwa 6, kwa mvua ya milimita 1,000, linashusha lita 24,000 kwa mwaka, na ukikamata sehemu yake tu huna haja ya kutembea na ndoo mbele za watu. Wengi hufunga mfereji msimu wa pili, baada ya mjumbe kuja.

Kalenda, na mwenye nyumba halisi

Sasa utaratibu wenyewe, kwa wale waliobaki. Sia mbegu kwenye trei katikati ya Novemba, hamishia kitaluni katikati ya Desemba miche ikiwa na umri wa wiki nne hivi, na mwanzoni mwa Machi utaanza kuchuma wakati nyanya za nje zimeshaoza na fungu sokoni limekonda. Utachuma hadi Mei. Ukianza Mei kwa sababu ndipo bonasi ilipoingia, utavuna Agosti, siku ambayo kila bonde la Songea limeleta nyanya mjini, na utauza kwa bei ya pole. Kiangazi nyanya haihitaji nyumba yako. Inahitaji maji na uwanja.

Ndipo litakuja swali la banda hilo kukaa tupu kuanzia Juni, katika mkoa unaolima mahindi kwa wingi kama huu, ndani ya uwanja wenye familia inayolima mahindi. Swali hilo halitaulizwa. Utatoka kazini jioni na kukuta turubai limetandazwa ndani, punje zimemwagwa juu yake, na mama watoto akizigeuza kwa mguu huku anaongea na simu. Usianze ubishi wa kitaalamu, kwa sababu utaalamu uko upande wake. Chini ya plastiki, kwenye banda linalopitisha hewa, mahindi hukauka haraka, umande hauyafikii, kuku hawayafikii, na mahindi yaliyokauka sawasawa hayapati ukungu wa sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kule kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wanapima kwa mashine, hawaangalii sura. Majirani watakaomwona watauliza banda hilo zuri la kukaushia mahindi limejengwa na fundi gani, na wataomba nafasi kwa debe mbili tatu za kwao. Atawapa.

Oktoba ikifika, magunia yatakuwa yamepangwa ukutani na punje za mwisho hazijaisha. Mahali pa kuweka trei zako omba mapema, jioni, baada ya chakula, na usitaje kwamba plastiki uliinunua wewe. Kama bei ya mahindi bado haijapanda, utaambiwa usubiri hadi Desemba, na trei zako ziende barazani kwa mama mkwe.